Maji yatokayo mgodi wa makaa: nani anayachunga?



Mvua ikinyesha juu ya udongo uliochimbwa, maji hayateremki mtoni peke yake. Yanabeba mchanga, udongo na vumbi la makaa. Kwenye mgodi wa makaa mambo yanazidi, kwani pahali pakubwa panaachwa wazi bila majani, na chungu za mawe yasiyofaa zinalala pembeni. Wale waliokaa Luena, upande wa Bukama, makaa yalikochimbwa hapa kwetu, hawana haja ya kuelezwa sana. Matope yakiingia mtoni yanafunika mayai ya samaki na kujaza sakafu ya mto, na mvua kubwa ikija mto unapanda mpaka mashambani.

Dawa ya kwanza ni bwawa la kutuliza matope, lile tunaloita basini. Maji yanaingia upande mmoja, yanatembea polepole, matope yanashuka chini, kisha maji mepesi yanatoka upande mwingine. Lakini si kila chembe inashuka sawasawa. Chembe ya mchanga mwembamba hushuka metri moja kwa dakika mbili hivi. Chembe ya udongo iliyo ndogo mara mia kuliko hiyo huhitaji siku zaidi ya kumi! Ndiyo maana pengine wanatia dawa ya alun, kama kwenye mashini ya kusafisha maji ya kunywa, ili chembe zishikamane na kushuka upesi. Jaribu mwenyewe: jaza chupa nyeupe maji ya mfereji, iache saa moja, kisha angalia chini. Wakaguzi hufanya karibu hivyo, na chombo cha kioo chenye ncha kama faneli.

Huko Marekani, sheria inataka basini ijengwe mbele ya kuanza kuchimba. Maji yanayotoka yasipite miligramu 70 za matope kwa litri siku yoyote, na wastani wa siku 30 usipite 35. Kipimo cha pH kikae kati ya 6 na 9. Siku za mvua kubwa kipimo hiki cha matope kinalegezwa, kinawekwa kingine.

Sheria hizo hazikushuka toka mbinguni. Tarehe 26 Februari 1972, asubuhi, katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, ukuta uliofanywa kwa takataka za makaa ulivunjika baada ya mvua ya siku nyingi. Ulikuwa umesimama juu ya matope laini ya zamani. Siku nne mbele yake mkaguzi wa serikali alikuwa ameuona kuwa unafaa. Usiku ule wakubwa wa kazi walikuwa wanapima maji yanavyopanda, lakini watu wa bondeni hawakupewa onyo la kweli. Litri karibu milioni 500 ziliteremka. Watu 125 walikufa, na zaidi ya 4.000 walibaki bila nyumba. Mwaka wa 1977 sheria kubwa ya migodi ya makaa ya juu ya ardhi ilitiwa sahihi, na mabwawa makubwa sasa yanakaguliwa kila siku saba.

Ruhusa ya kumwaga maji nayo haidumu milele. Huko inatolewa kwa miaka 5 kwa wingi, kisha wanaitazama upya. Na hapa ndipo kazi ya kweli ilipo. Mkaguzi mzuri haridhiki na karatasi peke yake. Anauliza: tangu mwanzo, shimo limepanuka kadiri gani? Basini imejaa matope mpaka wapi? Maana basini iliyopimwa kwa mvua kubwa inayotazamiwa mara moja kwa miaka kumi, ikijaa matope nusu, si basini ile tena, hata kama ukuta wake umepakwa rangi nzuri.

Neno moja kwa wamama: maji maangavu si lazima yawe mazuri. Mawe mengine ya makaa yana salfa na chuma ndani. Yakipata hewa na maji, yanazaa asidi. Maji ya namna hiyo yanaweza kuangaza kama kioo, na bado yanaua samaki. Mawe ya mtoni yakigeuka rangi ya kutu, msiteke hapo. Fundi hutia chokaa kupunguza asidi, na chuma kinashuka basinini, lakini kipimo ndicho kinachosema, si macho.

Watoto wasichezee basini: chini ni matope laini, mguu ukizama hautoki upesi. Na wewe unayepita chini ya ukuta ukienda kazini, ukiona pahali palipokuwa pakavu pamelowa, au maji yanayopenya ukuta yamegeuka machafu, usingoje kesho. Mwambie kapita saa ile ile, na uhakikishe kwamba ameandika katika kitabu.