Usiache Wazi Ardhi ya Kati ya Miparachichi

Mkulima, ukifika Chawia, juu katika vilima vya Taita, utaona shamba dogo lenye mahindi, maharagwe, migomba na miparachichi pamoja. Usidhani ni kilimo cha ovyo. Wakulima wa Italia na Uhispania tangu zamani hupanda ngano, shayiri na jamii ya kunde kati ya mizeituni yao. Sababu yao ndiyo yako: mti wa matunda hukawia, na watoto hula kila siku.

Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Ukipanda meta 9 kwa 9, ekari moja huingia miti kama 50, na miaka ya kwanza karibu ardhi yote iko wazi. Hapo ndipo wengi hukosea. Mmoja huacha nafasi ile bila zao, mvua ikachukua udongo. Mwingine hupanda mahindi mpaka shinani. Mche hunyimwa mwanga na maji, hudumaa, naye husema aliuziwa miche mibaya!

Panda maharagwe. Hukomaa kwa miezi kama 3, wala hayafuniki mche. Wakati wa kuvuna usiyang'oe. Yakate, mizizi ibaki kurutubisha udongo. Mabaki yatandaze kuzunguka mti, lakini yasiguse shina. Acha duara tupu la meta 1 kila upande wa mche, ulipanue kila mwaka kadiri matawi yanavyoenea. Mahindi yakae katikati ya nafasi, na mistari yote ikate mteremko, isishuke nao.

Jembe lisifike chini ya matawi. Mizizi inayonyonya chakula iko juujuu tu. Ukiikata, unaufungulia mlango ugonjwa wa kuoza mizizi. Hapo ng'oa magugu kwa mkono.

Tena, kati ya miti hii usipande nyanya, biringanya, pilipili wala viazi vya kizungu. Mazao hayo hulea kuvu ya mnyauko, ambayo hukaa udongoni miaka mingi na kushambulia mparachichi, na hata mzeituni. Najua nyanya zina fedha ya haraka, lakini zitafutie kipande kingine mbali na miti.

Matawi yakikaribia kukutana, maharagwe hayatazaa vizuri kivulini. Acha kupanda, na majani yanayoanguka usiyafagie.

Kama bado hujachimba mashimo, tafuta kamba na vijiti sasa, umwite Bwana Shamba mpime naye kabla ya mvua za vuli.