Mama wa Madhabahuni Asiitwe Mchawi

Miezi michache iliyopita nilihudhuria mazishi ya ajuza mmoja katika kijiji kilichoko bara ya Kilifi. Marehemu alikuwa mganga wa mburuga. Kwa miaka mingi watu waliokumbwa na maradhi, ugumba au ugomvi wa kifamilia walikuwa wakimwendea awapigie ramli, awaombee kwa koma na kuwapatanisha. Wanawake wawili aliowafunza kazi hiyo walikuja wakiwa tayari kumuaga mwalimu wao kwa ngoma ya kifudu, kama ilivyo desturi. Mhubiri aliyekuwa ameshika kipaza sauti akawazuia, akisema kwamba hapo palikuwa mahali pa Mungu wala si pa mashetani. Wanawake wale waliinamisha vichwa wakarudi nyuma. Nami, msomaji, nilinyamaza kama wengine. Makala haya ni toba ya kimya changu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni nani aliyetuambia kwamba ukasisi ni joho, kola nyeupe na sauti nzito ya kiume? Ikiwa kasisi ni yule anayesimama baina ya watu na Muumba wao, akawabeba kwa maombi na kuwaongoza katika ibada za kuzaliwa, kuugua na kufa, basi ajuza yule alikuwa kasisi.

Historia yetu imejaa ushahidi. Mwaka 1908, huko Kisii, mganga na mtabiri aitwaye Moraa alimchochea Otenyo, naye akamchoma mkuki mtawala Mwingereza Northcote. Miaka mitano baadaye, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alizunguka Ugiriama akicheza kifudu, ngoma ile ile ya mazishi niliyoiona ikikatazwa, na umati ukamfuata hadi Kaya Fungo. Huko waliapishwa kiapo wasiwafanyie Waingereza kazi wala kuwalipa kodi. Wanaume walikuwa na kiapo chao cha fisi. Wanawake nao wakawa na chao, mukushekushe. Wakoloni walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka uhamishoni, na cha ajabu ni kwamba waliwapeleka huko huko Kisii kwa akina Moraa! Mwezi Januari 1914 wawili hao walitoroka wakashika njia ya kurudi pwani. Mwezi Agosti mwaka uo huo Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti.

Hebu tutafakari. Serikali yenye bunduki ililipua msitu wa ibada, kwa kuwa ilitambua kwamba nguvu za mwanamke yule zilitoka madhabahuni. Leo tunamwita Mekatilili shujaa wa ukombozi, na ni haki yake. Hata hivyo, tumemvua vazi lake la kidini tukamwachia la kisiasa pekee.

Mfano wa pili ni Gaudencia Aoko wa Nyanza. Mwaka 1963, akiwa msichana wa umri wa takriban miaka 20 na aliyefiwa na watoto wawili, alianza kuhubiri na kubatiza maelfu ya watu. Yeye na Simeo Ondeto ndio wanaohesabiwa kuwa waasisi wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki. Lakini kanisa hilo lilipoimarika, ngazi za ukasisi zikawa za wanaume, naye Aoko akajitenga. Mwanamke alifaa kuwasha moto. Ulipokolea, akaambiwa asogee wanaume waote!

Sitaki nionekane kana kwamba ninawapamba wazee wetu wa kale. Baraza la wazee wa kaya lilikuwa, na lingali, la wanaume. Mila nazo zina dhuluma zake. Ninachosema ni kwamba ndani ya mila hizo mwanamke alikuwa na nafasi yake inayojulikana: ngoma yake, kiapo chake na uganga wake. Nafasi hiyo ndiyo tunayoiziba leo kwa neno moja tu: mchawi.

Neno hilo si mzaha. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilitunga sheria dhidi ya uchawi, na tangu hapo wengi wetu tumeshindwa kumtofautisha mganga na mchawi, ilhali kwa wazee wetu mmoja aliponya na mwingine aliangamiza. Katika Kilifi hiyo hiyo wazee wa kike na wa kiume wamekuwa wakivamiwa na kuuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pana tamaa ya shamba la urithi. Mhubiri anayemwita mganga shetani mbele ya vijana hajui ni nani atakayeondoka pale akinoa panga.

Najua kuna watakaosema kwamba waganga wengi ni matapeli. Wapo, sikatai. Lakini mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa, na aliyeshtakiwa kuhusiana na vifo hivyo ni mhubiri mwanamume aliyeshika Biblia. Je, kwa sababu hiyo tuwaite wahubiri wote wauaji? Hasha! Basi na tutumie mizani iyo hiyo kwa kina mama hawa. Kila mmoja na apimwe kwa matendo yake.

Makanisa makuu yenyewe yameanza kufumbua macho. Kanisa la Kianglikana nchini, ambalo lilimpa Lucia Okuthe ukasisi mwaka 1983, mwaka 2021 lilimweka wakfu Rose Okeno kuwa Askofu wa Butere. Katiba ya 2010 nayo inasema kwamba hakuna dini ya taifa, na inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na usawa mbele ya sheria. Haikuandika kwamba uhuru huo ni wa wenye majengo ya mawe peke yao.

Rai yangu ni fupi. Viongozi wa dini zote wanapokutana kuliombea taifa, waalikwe pia kina mama wa kaya na wa makanisa ya Roho. Machifu wahesabu ulinzi wa waganga wazee kuwa sehemu ya kazi yao. Nasi tunaohudhuria mazishi tujifunze kufungua vinywa.

Niliporudi kijijini kwa matanga nilisikia kwamba usiku ule, baada ya mhubiri kuondoka na kipaza sauti chake, wale wanawake wawili walirejea kaburini wakaicheza kifudu gizani. Ibada ilitimia. Aibu ya giza lile ni yetu sisi.