Kuona Kitu Kimoja Kama Viwili: Chanzo, Tiba na Tahadhari

Mtu anayeanza kuona taa mbili mahali penye taa moja, au ngazi mbili mahali penye moja, mara nyingi hudhani kwamba anahitaji miwani tu. Hununua miwani sokoni au dawa ya matone dukani, kisha husubiri. Dhana hiyo yaweza kumgharimu fedha, na wakati mwingine uhai. Kuona maradufu ni dalili, na chanzo chake chaweza kuwa nje kabisa ya jicho.

Jaribio la kwanza

Ziba jicho moja kwa kiganja, utazame kitu kilicho mbele yako, kisha uzibe la pili. Ikiwa picha ya pili hutoweka kila uzibapo jicho lolote kati ya mawili, basi macho yako hayaelekei mahali pamoja. Ikiwa picha mbili zinabaki hata unapotumia jicho moja pekee, kasoro imo ndani ya jicho hilo. Mweleze daktari matokeo hayo, kwani ndiyo yatakayomwongoza katika uchunguzi.

Kasoro inapokuwa katika jicho moja

Hali hii kwa kawaida haina hatari ya ghafla. Husababishwa na konea isiyo na mviringo ulio sawa, na ukavu wa jicho, au na mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya lenzi. Kasoro ya konea mara nyingi hurekebishwa kwa miwani iliyopimwa, na ukavu hutulizwa kwa matone yafaayo. Mtoto wa jicho hauondolewi kwa dawa ya matone wala mitishamba. Tiba yake ni upasuaji wa kuondoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia.

Kasoro inapotokana na macho yote mawili

Kila jicho huzungushwa na misuli sita, inayopokea amri za ubongo kupitia mishipa mitatu ya fahamu. Macho yakielekea mahali pamoja, ubongo huunganisha picha mbili kuwa moja. Msuli mmoja ukidhoofika, au mshipa mmoja ukidhurika, umoja huo huvunjika.

Kisukari na shinikizo la juu la damu huweza kuziba vijishipa vidogo vinavyolisha mishipa hiyo ya fahamu. Wagonjwa wengi wa aina hii hupata nafuu katika muda wa miezi mitatu hivi, mradi sukari na shinikizo vidhibitiwe. Maradhi ya tezi ya shingo huvimbisha misuli ya macho na pengine kuyatokeza nje. Upo pia udhaifu wa misuli unaozidi jioni au baada ya uchovu, ukiandamana na kope kulegea. Ajali, kwa mfano ya pikipiki, huweza kuvunja mfupa unaozunguka jicho na kuunasa msuli. Kiharusi, uvimbe au shinikizo ndani ya fuvu navyo vimo katika orodha hii.

Nenda hospitali bila kukawia

Usingoje miadi ikiwa kuona maradufu kumeanza ghafla, hasa pamoja na mojawapo ya haya:

- maumivu makali ya kichwa;
- kope kuanguka, au mboni ya jicho moja kupanuka kuliko ya pili;
- uso kupinda, mkono au mguu kulegea, au usemi kuvurugika;
- kuumia kichwa au uso;
- shida ya kumeza au kupumua;
- kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, maumivu mapya ya kichwa, au ya taya anapotafuna.

Kope iliyoanguka pamoja na mboni iliyopanuka huweza kuashiria mshipa wa damu uliovimba ubongoni na ulio karibu kupasuka.

Tiba

Chanzo hutibiwa kwanza. Wakati huo, kuziba jicho moja au kuvaa miwani yenye lenzi za prizimu huondoa usumbufu. Upasuaji wa misuli kwa kawaida hufanywa baada ya hali kutulia kwa miezi kadhaa. Usiendeshe gari, pikipiki wala mitambo hadi daktari aridhie.

Watoto

Mtoto mwenye makengeza huenda asilalamike kamwe, kwa kuwa ubongo wake hujifunza kuipuuza picha ya jicho moja. Jicho hilo likiachwa, uwezo wake wa kuona hufifia, na kuurejesha huwa vigumu kadiri umri unavyosonga. Mpeleke akapimwe mapema. Usimzibe jicho bila maelekezo ya mtaalamu, kwani jicho la kuzibwa ni lile lenye nguvu, tena kwa saa maalumu.

Kabla ya kulipa

Uliza mambo manne: chanzo ni nini, kimethibitishwa kwa kipimo gani, tiba inatarajiwa kuleta matokeo gani, na gharama yote ni kiasi gani. Dai stakabadhi na nakala ya vipimo vya miwani. Muuzaji anayekuahidi tiba ya kuona maradufu bila kuyapima macho yako hajui anatibu nini.