Je, Wajua? Mvua Ikinyesha Kwenye Ghala la Kemikali

Masika yakikaribia, mwenye nyumba hukagua paa. Mwenye ghala la kemikali ana mengi zaidi ya kukagua. Je, wajua kwamba…

• Mvua ya milimita 1 kwenye eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili ya maji? Basi mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye uwanja wa hekta 1, zimeshuka lita 500,000, na zote zinapita juu ya kila kilichodondoka hapo.

• Mtaro wa maji ya mvua si bomba la majitaka? Majitaka hupelekwa kusafishwa. Maji ya mtaro kwa kawaida huenda moja kwa moja mtoni au baharini. Mto Ngong hupita katika eneo la viwanda la Nairobi. Maji yake huingia mto Athi, ambao huitwa Galana na kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

• Maji ya dakika za mwanzo ndiyo machafu zaidi? Vumbi, mafuta na unga wa kemikali uliolala uwanjani kiangazi kizima huondoka nayo. Ndiyo maana baadhi ya viwanda huwa na tangi la kuyanasa kabla hayajafika mtaroni.

• Ukuta unaozunguka tangi la kemikali una hesabu yake? Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote lililomo. Tangi la lita 10,000 linahitaji nafasi ya lita 11,000. Lakini ukuta ukiachwa ujae maji ya mvua, siku tangi litakapopasuka kemikali itafurika nje.

• Valvu ya kutoa maji ndani ya ukuta huo inatakiwa ikae imefungwa muda wote? Mvua ikikatika, mhusika hutazama kama maji yana utando wa mafuta unaometameta rangi rangi, hupima kwa karatasi ya pH, huandika daftarini, ndipo hufungua. Husimama papo hapo mpaka maji yaishe, kisha hufunga. Anayefungua na kwenda kunywa chai anacheza kamari na mto.

• Ukuta mbovu ni sawa na kukosa ukuta? Januari 2014, huko Charleston, West Virginia, Marekani, tangi la kampuni ya Freedom Industries lilitoboka. Kemikali ya kusafishia makaa ya mawe iliupita ukuta na kuingia mto Elk, juu kidogo ya mahali panapovutwa maji ya mji. Watu wapatao 300,000 walikatazwa kunywa maji ya bomba.

• Maji ya zimamoto nayo huchafua? Tarehe 1 Novemba 1986, ghala la Sandoz liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalisomba tani nyingi za viuatilifu hadi mto Rhine. Mto uligeuka mwekundu, na mikunga wakafa kwa wingi kwa mamia ya kilomita.

• Mtaro unaweza kubeba moto? Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kwenye kituo cha mafuta cha Kampuni ya Mabomba ya Kenya iliingia mtaroni na kufika mtaa wa Sinai, Nairobi. Ililipuka, na watu wapatao 100 wakapoteza maisha.

• Hata kitu kinacholiwa huua samaki? Mwaka 2013, tani zipatazo 1,400 za molasi zilivuja bandarini Honolulu. Samaki waliokufa walihesabiwa kwa maelfu, kwa kukosa oksijeni.

• Asidi na dawa ya klorini hazipaswi kukaa ndani ya ukuta mmoja? Zikivuja na kukutana, hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

• Mabati yenyewe huchafua maji? Mvua huyasugua na kuondoka na zinki, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo.

• Kuosha kemikali iliyomwagika kwa mpira wa maji ni kuisukuma mtaroni? Ziba kwanza mdomo wa mtaro, mwaga mchanga, zoa, tia kwenye pipa lenye kibandiko. Usitumie vumbi la mbao kwa asidi ya nitriki: linaweza kuwaka.

• Sheria ya Maji Safi ya Marekani ya 1972 ilikazia macho mabomba ya viwanda, na mvua ya viwandani ikawekewa utaratibu wake wa vibali mwaka 1987? Tanzania ina sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, na Kenya ina kanuni za ubora wa maji tangu 2006.

• Kinga ya kwanza ni paa? Pipa lililofunikwa, likainuliwa juu ya chaga na kukaa mbali na mtaro, halinyeshewi wala halishi kutu upesi.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi wa ghala, kabla ya wingu la kwanza, tembea uwanjani kwako. Fuata mtaro mpaka ujue unamwaga wapi, zoa kilichodondoka, funga valvu, na mkabidhi mtu mmoja ufunguo wake. Ufagio na turubai ni rahisi kuliko kusafisha mto.