Saiwa, Kitum na Nabuyole: Kinachoviangusha Vivutio Hivi Kiko Nje ya Uzio

Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, kaunti ya Trans Nzoia, kando ya barabara ya Kitale kwenda Kapenguria, ndiyo ndogo kuliko zote Kenya: kilomita za mraba zipatazo tatu tu. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizotanuka, ambaye akishtuka hujizamisha majini akaacha pua tu. Gari haliingii, mgeni hutembea kwa miguu, kisha hupanda jukwaa na kumsubiri. Siku hizi kumwona kunahitaji subira zaidi. Uzio upo na askari wapo, ila mashamba yameusogelea mto unaolisha kinamasi, na kila masika udongo na mbolea ya mahindi huteremka hadi kinamasini.

Mlima Elgon una hadithi ndefu zaidi. Mbuga yake, yenye kilomita za mraba 169, ilianzishwa mwaka 1968. Ndovu wake huingia pango la Kitum usiku na kuchimba mwamba wenye chumvi kwa pembe. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza vibaya. Pango lenyewe likaingia doa: wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelitembelea, na kitabu cha Richard Preston, The Hot Zone, kikaieneza habari hiyo duniani mwaka 1994. Kisha mgogoro wa ardhi ya Chebyuk, mlimani humo, ukazaa kundi la wapiganaji la Sabaot Land Defence Force (SLDF), hadi jeshi lilipoingia Machi 2008. Amani imerejea, lakini mgeni aliyekwisha kuogopa hukawia kurudi.

Huko Webuye, kaunti ya Bungoma, maporomoko ya Nabuyole yaliishi chini ya kivuli cha kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Mji ulijulikana kwa moshi na harufu yake kuliko kwa maporomoko. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, ajira zilikwenda nacho, na utalii haukuwa umeandaliwa kuziba pengo. Mto Nzoia, wenye maporomoko hayo, bado huja mwekundu kwa udongo wakati wa mvua.

Dawa inayopendekezwa kila mara ni hoteli, lami na matangazo. Hizo zitamleta mgeni, lakini hazitamzuia nzohe kutoweka. Mkulima wa Trans Nzoia mwenye ekari moja hawezi kuacha ukingo wa mto bila kulima eti kwa sababu ameombwa. Ada ya lango hukusanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na yeye hubaki na kazi ya kufukuza nyani shambani. Apewe sehemu ya ada hiyo kwa kila ukingo anaoupanda miti ya asili, na serikali za kaunti mbili, Trans Nzoia na Bungoma, zisimamie mto mmoja, Nzoia, kwa mpango mmoja. Bila hilo, tutabaki tukilinda uzio usio na kitu ndani.