Urithi Usio wa Ukoo: Hiponimia na Udakaji wa Hitilafu katika Programu za Kompyuta

Utangulizi

Dhana ya urithi katika uundaji wa programu iliasisiwa katika Simula, lugha iliyobuniwa nchini Norway na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard katika miaka ya 1960. Lugha za baadaye, zikiwemo C++ na Java, zilifuata mkondo huo. Ndani yake, klasi ni kielelezo cha vitu vya aina moja, na klasi mpya yaweza kurithi sifa za klasi iliyotangulia. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba istilahi ya urithi, ijapokuwa imezoeleka, huweza kumpotosha anayetafuta kosa katika udakaji wa hitilafu. Dhana ya hiponimia, ambayo mwanafunzi wa semantiki anaifahamu, humfaa zaidi.

Mpangilio wa vifungu

Programu inapokwama, mathalani kwa kukosa faili, hurusha hitilafu ili idakwe na kifungu kilichotengwa kuishughulikia. Ikichukuliwa kuwa kuna klasi ya Hitilafu, na klasi ya FailiHaipo inayoirithi, ni nini kitatokea kifungu cha Hitilafu kikitangulia? Kifungu cha FailiHaipo hakitafikiwa kamwe.

Anayefikiria ukoo hushangaa, kwani mwana wa mwalimu si lazima awe mwalimu. Anayefikiria hiponimia hashangai: kila mbuzi ni mnyama, na anayeagizwa kukamata mnyama yeyote atamkamata mbuzi pia. Vifungu hukaguliwa kuanzia juu, na cha kwanza kinachooana na hitilafu ndicho huitwaa. Kompaila ya Java huukataa mpangilio huo, ilhali ya C++ huukubali, pengine kwa kutoa onyo tu. Suluhisho ni kutanguliza hiponimu na kumalizia kwa neno jumuishi.

Kupotea kwa maana mahususi

Katika C++, tatizo jingine huzuka kifungu cha Hitilafu kinapodaka kwa kunakili. Nakala inayoundwa huwa ya Hitilafu tupu. Yote yaliyoongezwa na FailiHaipo, kama vile jina la faili iliyokosekana, hukatwa. Ni sawa na kuandika "mnyama" mahali palipotajwa "mbuzi": taarifa si ya uongo, lakini umahususi umepotea. Tiba yake ni kudaka kwa rejeleo, ili kitu chenyewe kibaki kizima. Java haina kasoro hii, kwa kuwa vitu vyake hushikwa kwa rejeleo daima.

Urithi wa faragha

Ithibati kubwa zaidi imo katika urithi wa faragha wa C++. Mwandishi akisahau kutangaza kwamba urithi wa klasi yake ni wa wazi, lugha huuchukulia kuwa wa faragha. FailiHaipo hurithi kila kitu, lakini haitambuliki nje kuwa aina ya Hitilafu. Kifungu cha Hitilafu huiacha ipite, na isipodakwa kwingine programu husitishwa. Hapa urithi upo, hiponimia haipo. Nao udakaji umeifuata hiponimia.

Hitimisho

Yamkini neno "urithi" litaendelea kutumika. Hata hivyo, istilahi hubeba picha, na picha humwongoza mtumiaji au humpoteza. Mwalimu anayefunza taaluma hii kwa Kiswahili hana budi kuambatanisha neno hilo na swali moja: je, hiki ni aina ya kile? Jibu la swali hilo ndilo huamua ni kifungu kipi kitakachodaka.