Gitaa la Plastiki na Haki ya Mwenye Wimbo

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie jambo ambalo ukilitazama haraka utasema ni mchezo wa watoto. Ni mchezo kweli, lakini ndani yake mna fedha nyingi, mna mawakili, na mna fundisho kwa kila mtu aliyejaliwa kipaji cha kutunga na kuimba. Nazungumzia ile michezo ya video ambamo mchezaji hushika gitaa la plastiki lenye vitufe vya rangi, akatazama alama zinazoteremka kwenye televisheni, kisha akabonyeza kitufe kinachotakiwa sawasawa na mapigo ya wimbo. Akipatia, gitaa la wimbo husikika. Akikosea, gitaa hunyamaza, na ngoma na mwimbaji huendelea bila yeye.

Vijana wengi huniuliza: nyimbo zile ni za wanamuziki mashuhuri, sasa watengenezaji wa mchezo huzipataje? Je, hununua sahani dukani kama mimi na wewe, wakaitia humo? La, hasha. Anayenunua sahani amenunua ruhusa ya kusikiliza nyumbani kwake. Anayetaka kuutia wimbo ndani ya bidhaa yake na kuiuza dunia nzima hana budi kwenda kubisha hodi kwa wenyewe. Na hapo ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu wimbo mmoja, mara nyingi, una milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa mtunzi, yaani aliyeandika mashairi na kubuni sauti yake. Haki zake kwa kawaida husimamiwa na kampuni inayoitwa mchapishaji wa muziki. Mlango wa pili ni wa mwenye kanda mama, yaani ule mwimbo uliorekodiwa studio siku fulani, na bendi fulani. Huyu aghalabu ni kampuni ya kurekodi. Chukua mfano wa Malaika. Fadhili William aliurekodi kule Kenya. Baadaye Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba katika sahani yao ya mwaka 1965, na kundi la Boney M nalo likaurekodi mwaka 1981. Wimbo ni ule ule mmoja, bali kanda mama ni tatu, na kila moja ina mwenyewe. Nani hasa aliyeutunga ni jambo ambalo watu wamelibishania miaka mingi, na ubishi huo wenyewe ni ushahidi wa thamani iliyomo katika kuandikisha kazi mapema.

Basi mtengenezaji wa mchezo akitaka wimbo pamoja na sauti ya bendi yenyewe, atabisha milango yote miwili. Akiwa na fedha kidogo, ataomba kwa mtunzi peke yake, kisha atakodi wapiga muziki wengine waurudie wimbo kwa kuigiza. Ndivyo ilivyokuwa kwa mchezo wa Guitar Hero, uliotolewa Marekani mwaka 2005 na kampuni za Harmonix na RedOctane. Ulikuwa na nyimbo 47. Zile 30 za msingi karibu zote zilirudiwa na wanamuziki wa kukodiwa, na nyingine 17 zilitoka kwa bendi ndogo zilizofurahi kusikika. Hakuna aliyejua kama mchezo ule ungeuzwa, na kampuni kubwa hazikuwa na haraka ya kufungua makabati yao.

Msikilizaji makini atauliza: kwa nini wasirudie zote, waachane na adha ya mlango wa pili? Jibu ni kwamba mnunuzi anataka sauti anayoijua. Lakini hata mlango huo ukifunguliwa, lipo tatizo la ufundi. Mchezo hauwezi kutumia wimbo uliokwisha kuchanganywa. Lazima gitaa liwe peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake na mwimbaji peke yake, ili mchezaji akikosea kinyamazishwe chombo chake tu. Kwa hiyo hutafutwa kanda ya asili ambayo kila chombo kimerekodiwa kwenye njia yake.

Kanda hizo wakati mwingine hazionekani. Mwaka 2007, Guitar Hero III ilipokuwa ikitayarishwa, kanda za Sex Pistols za wimbo wao maarufu hazikupatikana, na wazee wale wa Uingereza ikabidi warudi studio kuurekodi upya. Kwa The Beatles kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani nyimbo zao za mwanzo zilirekodiwa kwa njia chache mno, vyombo kadhaa vikiwa vimebanana kwenye njia moja. Giles Martin, mtoto wa yule George Martin aliyewasimamia studio, pamoja na mafundi wenzake, walitumia kompyuta kuvitenganisha. Mchezo wao wenye nyimbo 45, The Beatles: Rock Band, ulitoka tarehe 9 Septemba 2009.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Wimbo wenye watunzi wanne wakati mwingine huwa na wachapishaji wanne, kila mmoja na fungu lake. Mmoja akikataa, wimbo umekwama. Tena mikataba mingi huwa na kifungu kisemacho: ukimlipa mwenzangu zaidi yangu, nami uniongeze nifikie kiasi hicho. Kwa hiyo mnunuzi hawezi kumpendelea mmoja kimya kimya. Malipo yenyewe huweza kuwa ya mkupuo, au mrabaha, yaani fungu kwa kila nakala inayouzwa.

Mwaka 2008 pande mbili zilikwaruzana hadharani. Edgar Bronfman, aliyekuwa mkuu wa Warner Music, alilalamika kwamba wenye muziki wanalipwa kidogo mno, ilhali michezo hiyo isingekuwepo bila nyimbo zao. Bobby Kotick wa Activision, kampuni iliyokuwa imeinunua RedOctane, alishikilia kwamba mchezo ndio unaozitangaza nyimbo, akataja bendi ya Aerosmith kuwa ilipata fedha nyingi zaidi kutokana na mchezo uliobeba jina lake kuliko kutokana na albamu yake yoyote. Kwa maoni yangu kila mmoja alikuwa na chembe ya haki. Mchezo bila wimbo ni vitufe tu. Lakini wimbo uliolala kabatini miaka thelathini nao haumlishi mtu.

Upo pia mlango wa tatu, nao ni sura ya msanii. Mwaka 2009 bendi ya No Doubt iliishitaki Activision kwa sababu ya mchezo wa Band Hero. Bendi hiyo ilikubali picha zake ziimbe nyimbo zake ilizokubaliana, ikakuta kwamba mchezaji anaweza kuzifanya picha hizo ziimbe nyimbo za watu wengine. Kesi ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2012. Fundisho lake ni wazi: kuruhusu sauti si kuruhusu uso.

Na sasa jambo linalomgusa mnunuzi. Ruhusa hizi nyingi huwa na muda. Muda ukiisha, bidhaa huondolewa dukani. Guitar Hero Live ya mwaka 2015 iliweka sehemu kubwa ya nyimbo zake kwenye intaneti. Tarehe 1 Desemba 2018 huduma ile ilifungwa, na mtu aliyekuwa na nyimbo mia kadhaa akabaki na 42 zilizokuwa kwenye sahani. Rock Band 4, iliyotoka mwaka huo huo wa 2015, iliondolewa sokoni Oktoba 2025 ruhusa za nyimbo zake za msingi zilipotimiza miaka kumi, ingawa waliokwisha kuinunua hawakunyang'anywa. Mtu alidhani amenunua, kumbe sehemu nyingine alikuwa amepangishwa tu.

Wapo watengenezaji wanaokwepa mizengwe yote hii kwa kutungisha muziki wao wenyewe. PaRappa the Rapper, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1996, ulifanya hivyo. Hata nje ya michezo ya mapigo, mfano uliotukaribia zaidi ni Baba Yetu, wimbo wa Kiswahili uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV mwaka 2005. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Basi lugha yetu imekwisha kuingia katika biashara hii. Swali ni iwapo watungaji wetu nao wataingia, na kwa masharti gani.

Nasema hivi kwa sababu kwa Tanzania sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua milango ile miwili kwa majina yake: hakimiliki ni ya mtunzi, na hakishiriki inawagusa waimbaji na watayarishaji wa kanda. Lakini sheria haiwezi kumwokoa mtu aliyetia sahihi karatasi ya ukurasa mmoja inayosema ameuza haki zote, kwa matumizi yote, milele. Maneno hayo matatu, zote, yote na milele, ndiyo ya kuyaogopa. Anayeuza hivyo leo kwa nauli ya kurudi nyumbani, kesho akisikia wimbo wake kwenye mchezo unaouzwa Tokyo na London hana pa kudai.

Kwa hiyo kijana unayerekodi, fanya mambo manne. Andika ni nani katunga nini, na mgawane mafungu kabla hamjatoka studio. Omba nakala ya kila chombo na kila sauti peke yake, uitunze mahali pawili, maana umeona The Beatles wenyewe walivyohangaika. Uza ruhusa ya matumizi yaliyotajwa, kwa muda uliotajwa, wala usiuze wimbo wenyewe. Na kabla ya kutia sahihi, mpe wakili asome, hata kama itakubidi ukope fedha za kumlipa.

Kwa juma hili naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.